PIKIPIKI YA CHAMA: UTUNZAJI WAKE NA UENDESHAJI WAKE MILIMANI

Chama kimoja cha msingi wilayani Ngara kilipobadilisha katibu, mali zote zilikabidhiwa kwa maandishi. Mizani iliandikwa, pamoja na namba yake. Magunia yalihesabiwa. Vitabu vya stakabadhi viliorodheshwa kimoja kimoja. Juu ya pikipiki yaliandikwa maneno haya tu: "Pikipiki moja, kuukuu, inatembea."

Asubuhi iliyofuata katibu mpya alijaza petroli, akafunga magunia matupu nyuma ya kiti, akaanza safari ya kwenda kituo cha kununulia kahawa. Hakufika. Alipokuwa katikati ya mlima wa pili injini ililia kwa sauti kali, gurudumu la nyuma likakaza ghafula, naye akaanguka kando ya njia. Fundi alipoifungua injini alikuta pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda. Pikipiki ile ilikuwa ya aina ya zamani, ambayo oili yake huchanganywa na petroli katika tangi. Katibu mpya alikuwa amejifunzia pikipiki za siku hizi, hakulijua jambo hilo, na hapakuwa na mtu aliyemwambia.

Katibu alipona kwa michubuko. Chama hakikupona upesi. Kilikosa usafiri katika wiki za mavuno, magunia hayakufika vituoni kwa wakati, na baadhi ya wanachama waliochoka kungoja wakauza kahawa yao kwa walanguzi kwa bei ya hasara. Kosa halikuwa la mlima wala la pikipiki, na si haki kusema kuwa lilikuwa la katibu mpya peke yake. Katika hati ya makabidhiano ulikosekana mstari mmoja.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mstari huo ungepaswa kuyasema, na mengine ambayo kila katibu, mjumbe wa bodi na mwanachama wa Ngara na Biharamulo yafaa ayajue kuhusu chombo hiki kinachobeba kazi kubwa ya vyama.

AINA MBILI ZA INJINI

Jambo la kwanza ni kujua pikipiki ya chama ina injini ya aina gani. Aina ni mbili: injini ya mipigo miwili na injini ya mipigo minne.

Katika injini ya mipigo miwili pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja, na petroli huwaka kila pistoni inapofika juu. Hewa na petroli hupita kwanza katika chumba kilicho chini ya pistoni, kisha ndipo hupanda kwenda kuwaka. Kwa sababu hiyo chumba hicho hakiwezi kuwekewa oili ya kukaa. Oili hufika humo ikiwa imechanganyika na petroli, hulainisha pistoni na bearingi, kisha huungua na kutoka kwa njia ya ekzosi kama moshi wa rangi ya buluu. Injini hii ni nyepesi, ina vipande vichache na ina nguvu kwa ukubwa wake. Lakini ikinyimwa oili kwa mwendo wa kilomita chache tu, hufa.

Katika injini ya mipigo minne pistoni hupanda mara mbili na kushuka mara mbili kwa kila mwako mmoja. Oili hukaa chini ya injini, huzunguka humo humo, na haitakiwi kuungua. Petroli huingia peke yake. Pikipiki karibu zote zinazouzwa madukani leo, kama Bajaj Boxer, TVS na zile za kutoka China, ni za aina hii.

Hapa ipo hatari moja inayowakamata wengi. Injini ya mipigo miwili nayo ina oili ya gia na klachi, iliyomo katika chumba chake chenye mfuniko. Mtu asiyejua huufungua mfuniko, huiona oili, akaridhika kwamba injini imetosheka. Oili ile ni ya gia tu na haifiki kwenye pistoni. Kinyume chake, mtu aliyezoea pikipiki ya zamani huweza kuchanganya oili katika petroli ya pikipiki mpya. Hilo haliui injini siku ile ile, lakini hujaza masizi katika plagi na ekzosi, na ni fedha ya chama iliyomwagwa bure.

PIKIPIKI ZA ZAMANI NA MAHITAJI YAKE

Pikipiki nyingi za miaka ya kati ya karne iliyopita zilikuwa za mipigo miwili. BSA Bantam ya Uingereza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ilifuata mfano wa pikipiki ya Ujerumani iitwayo DKW RT 125. Mwendeshaji wake alilazimika kupima oili kwa mkono kila alipojaza petroli. Mwaka 1964 kampuni ya Yamaha ya Japani ilileta pampu ndogo iliyovuta oili kutoka tangi lake la pekee na kuitia katika injini kadiri ilivyohitajika. Pikipiki za Yamaha DT na AG100, ambazo mabwana shamba, wamisheni na watumishi wa afya wa Afrika Mashariki walizitumia sana, zina pampu ya namna hiyo. AG100 ilitengenezwa hasa kwa kazi za shamba: mnyororo wake umefunikwa, na ina vichukuzi vya mizigo mbele na nyuma.

Chama chenye pikipiki ya namna hii kihakikishe mambo manne.

Kwanza, kipimo cha oili. Pikipiki za kuchanganya kwa mkono hutofautiana, na kitabu cha pikipiki ndicho kinachofuatwa. Kama kitabu kinasema sehemu 1 ya oili kwa sehemu 25 za petroli, basi lita 5 za petroli hupewa mililita 200 za oili. Kama kinasema 1 kwa 50, lita 5 hupewa mililita 100. Chupa ya kupimia iwekewe alama kwa rangi na ifungwe pamoja na pikipiki, isikae nyumbani kwa mtu. Oili iwe ile iliyotengenezwa kwa injini za mipigo miwili.

Pili, kama ina pampu, tangi la oili litazamwe kila asubuhi. Tangi likikauka, pikipiki hufa kama ile ya kuchanganya kwa mkono ambayo haikuchanganyiwa.

Tatu, umeme. Pikipiki nyingi za zamani hutumia volti 6. Balbu ya volti 12 ikiwekwa humo huwaka kama kibatari. Balbu ya volti 6 ikiwekwa katika pikipiki mpya huungua mara moja. Aidha, zile za kale zina vidude viwili vya kukatia umeme ambavyo mafundi huviita pointi. Vikichakaa au kuingia uchafu, cheche hudhoofika na pikipiki hukataa kuwaka, hasa asubuhi yenye ukungu.

Nne, masizi. Kwa kuwa oili huungua, masizi hujijenga katika ekzosi na katika mlango wa kutolea moshi. Pikipiki iliyokuwa ikipanda mlima kwa gia ya tatu, sasa ikidai gia ya pili, si lazima iwe imezeeka. Huenda imeziba tu. Fundi aondoe masizi kwa kijiti cha mbao au chuma laini, bila kukwaruza pistoni.

PIKIPIKI ZA KISASA NA MAHITAJI YAKE

Injini ya mipigo minne huvumilia mengi, na uvumilivu huo ndio unaowadanganya wenye nayo. Haitoi onyo mapema. Oili yake huanza kuwa nyeusi, kisha hupungua, na mwendeshaji huendelea kwa sababu pikipiki "inakwenda."

Oili ya pikipiki mpya ibadilishwe baada ya kilomita 500 za kwanza hivi, kama kitabu kinavyoagiza, kwa sababu vipande vipya vinaposuguana hutoa chembe za chuma. Baadaye ibadilishwe kila baada ya kilomita 2,000 hivi kwa barabara za vumbi, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Injini za cc 100 hadi 150 huchukua lita 1 ya oili hivi. Bei ya lita hiyo ni ndogo kuliko bei ya pistoni, ringi na kuchonga silinda. Na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vali nazo zina nafasi yake ndogo ambayo fundi huipima kwa kibati maalumu injini ikiwa baridi. Nafasi ikiwa kubwa mno, injini hugonga. Ikiwa ndogo mno, vali haifungi sawasawa na huungua. Kelele ya kugonga huwasumbua watu, ndiyo maana huipeleka kwa fundi. Lakini ile iliyobana haipigi kelele, nayo ndiyo yenye hasara zaidi.

VUMBI, MWINUKO NA PLAGI

Mambo mawili ya nchi hii huzisumbua pikipiki zote, za kale na za kisasa. La kwanza ni vumbi jekundu. Kati ya Juni na Agosti, wakati kahawa inapochumwa, vumbi hilo huingia kila mahali. Kinga pekee ya injini ni kichujio cha hewa. Mafundi wengine hukiondoa wakisema pikipiki "ipumue." Pikipiki isiyo na kichujio hupumua vumbi, na vumbi likichanganyika na oili huwa kama msasa ndani ya silinda.

Kichujio cha sponji hufuliwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kivulini, hutiwa oili kidogo na kukamuliwa ndipo kirudishwe. Kichujio cha karatasi hakifuliwi. Hukung'utwa na kupulizwa kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, na kikichoka hubadilishwa.

La pili ni mwinuko. Sehemu kubwa ya Ngara iko kati ya mita 1,200 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyembamba, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kabureta iliyorekebishwa kwa hewa nzito ya pwani huweza kutoa petroli nyingi kupita kiasi huku milimani. Katibu asidhani ameuziwa pikipiki mbovu. Ampelekee fundi arekebishe kabureta.

Plagi ndiyo mdomo wa injini. Itazamwe kila mwezi. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli ni nyingi au kichujio kimeziba. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, basi katika pikipiki ya zamani oili imezidi, na katika pikipiki ya kisasa ringi zimechakaa. Ikiwa nyeupe, injini inapata joto kupita kiasi. Isiendeshwe mwendo mrefu mpaka sababu ijulikane.

FUNZO KUTOKA MASHINDANO YA TRAYALI

Yapo mashindano ya pikipiki ambayo hayashindaniwi kwa kasi. Huitwa trayali. Mwendeshaji hupita katika njia fupi yenye mawe, matope, mizizi na miteremko, na waamuzi humtazama miguu. Akigusa ardhi kwa mguu mara moja hupata alama 1 ya kosa. Mara mbili, alama 2. Zaidi ya hapo, alama 3. Akianguka au akishindwa kuendelea, hupata alama 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Mashindano ya namna hii huko Scotland, nchi ya milima na mvua, yalianza mwaka 1909, na ubingwa wa dunia ulianza kushindaniwa mwaka 1975.

Historia yake inaonyesha pia ubishi wa zamani juu ya injini zile mbili. Kwa miaka mingi Waingereza walishinda kwa pikipiki nzito za mipigo minne. Mwaka 1965 Sammy Miller, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alishinda huko Scotland kwa pikipiki nyepesi ya mipigo miwili ya kampuni ya Bultaco ya Hispania, na tangu hapo wengi wakafuata njia hiyo. Hata hivyo Eddy Lejeune wa Ubelgiji alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1982, 1983 na 1984 kwa Honda ya mipigo minne, na Toni Bou wa Hispania, aliyeanza kutwaa ubingwa mwaka 2007 na kuushika mfululizo kwa zaidi ya miaka 15, naye ameshinda kwa Montesa ya mipigo minne. Kwa hiyo hakuna injini iliyo bora kwa kila mtu. Aliye bora ni yule anayeijua injini aliyo nayo.

Mchezo huu unawahusu wana ushirika kwa sababu njia zake zinafanana na njia za kwenda vituoni wakati wa masika. Katibu wa Bugufi au Bushubi anayepanda kwenye mawe na udongo uliolowa, akiwa na mizani nyuma yake, yumo katika trayali kila siku, ila hana mwamuzi wala kikombe. Akigusa ardhi vibaya hapotezi alama; huvunja mguu.

Jambo moja la mchezo huo lisiigwe. Wachezaji hupunguza upepo wa tairi hadi paundi 4 au 5 nyuma ili ishike mawe, na pikipiki zao hazibebi mzigo. Pikipiki ya chama ikifanyiwa hivyo tyubu itakatika kwenye vali na rimu itapinda. Pikipiki nyingi za kazi hutaka paundi 25 hivi mbele, na 28 hadi 33 nyuma kulingana na mzigo.

NAMNA YA KUPANDA NA KUSHUKA

Mambo yafuatayo yamethibitishwa na wanatrayali, na yanafaa kwa pikipiki yoyote ya chama.

Mahali pabaya, mwendeshaji asimame juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamekumbatia tangi kwa wepesi. Akisimama, uzito wake hushuka miguuni, na pikipiki huweza kuyumba chini yake bila kumwangusha. Macho yatazame mbele mahali anapotaka kwenda, si jiwe analoliogopa. Pikipiki hufuata macho.

Kabla ya mlima achague gia ndogo akiwa bado chini. Kubadili gia katikati ya mlima wenye matope ndiko kunakowaangusha wengi. Apande kwa moto wa kadiri usiobadilikabadilika, mwili ukiegemea mbele. Akishindwa katikati, asigeuze usukani kwa haraka. Ashike breki ya mbele, azime injini ikiwa kwenye gia, aiegemeze pikipiki upande wa juu wa mlima, ashuke kwa upande huo, ndipo aigeuze polepole.

Kushuka ndiko kunakotofautisha injini mbili tulizozieleza. Pikipiki ya mipigo minne ishuke ikiwa kwenye gia ndogo, moto umefungwa, injini ikisaidia breki. Wako wanaozima injini au kuachia gia ili kubana petroli. Petroli inayookolewa ni vijiko vichache. Breki hupata moto, hulegea, na chini ya mlima hapabaki kitu cha kusimamishia.

Pikipiki ya mipigo miwili nayo ishuke kwenye gia, lakini moto ukifungwa kwa muda mrefu petroli haiingii, na kama oili imo ndani ya petroli, oili nayo haiingii, huku pistoni ikizunguka kwa kasi. Kwa hiyo katika mteremko mrefu mwendeshaji abane klachi kila baada ya muda na kufungua moto kidogo, ili injini ipate kunywa oili. Jambo hili dogo limeokoa injini nyingi, na halihitaji senti.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi barabarani pakavu. Penye changarawe au udongo uliolowa itumike kwa vidole viwili, polepole, na kamwe isishikwe wakati gurudumu limekata kona. Mzigo ufungwe chini na karibu na mgongo wa mwendeshaji. Gunia lililofungwa juu na nyuma sana huinua gurudumu la mbele mlimani, na usukani hukosa nguvu.

Katika barabara kuu ya lami itokayo Lusahunga kwenda Rusumo hatari ni ya namna nyingine. Malori ya mizigo ya kwenda Rwanda na Burundi hupita kwa wingi, na upepo wake humsukuma mwenye pikipiki. Mwendeshaji asilifuate lori kwa karibu, asilipite penye mlima au kona, na taa ya mbele iwe inawaka mchana. Kofia ngumu ifungwe kamba yake; kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini.

Bodi zisione haya kumtaka katibu ajizoeze. Kiwanja cha ofisi kinatosha. Apange mawe kumi, apite katikati yake kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kugusa chini. Achore namba 8 ardhini na kuifuata. Anayeweza kwenda polepole bila kuyumba, huyo ndiye anayeweza kuaminiwa milimani. Haraka haraka haina baraka.

MATUNZO KWA RATIBA

Kila asubuhi: upepo wa tairi, oili, breki zote mbili, taa, na nati za magurudumu. Kazi hii huchukua dakika tano.

Kila wiki: mnyororo usafishwe na kutiwa oili, na ulegevu wake upimwe katikati. Pikipiki nyingi za kawaida hutaka ulegevu wa milimita 20 hadi 30, na zile zenye shokamzoba ndefu hutaka zaidi kidogo. Mnyororo uliokaza sana huvunja bearingi ya gia. Uliolegea sana huruka na kufunga gurudumu. Spoku zigongwe kwa spana ndogo. Inayotoa sauti butu imelegea.

Kila mwezi: kichujio cha hewa, plagi, waya za klachi na breki, na maji ya betri kama ni ya kujazwa. Wakati wa vumbi kichujio kitazamwe kila wiki.

Msimu ukiisha na pikipiki ikakaa bila kazi, bomba la petroli lifungwe na kabureta imwagwe, kwa sababu petroli iliyokaa huacha gundi katika vitundu vidogo. Betri itolewe. Ekzosi izibwe kwa kitambaa ili panya wasiingie, na kitambaa hicho kiandikwe ili asije mtu akawasha kabla ya kukitoa.

PETROLI NA KAHAWA

Kahawa hunyonya harufu kuliko watu wengi wanavyodhani. Gunia lililokaa usiku mmoja karibu na dumu la petroli huweza kuharibu ladha ya kahawa, na muonjaji hatauliza ni nani aliyeweka dumu. Atashusha daraja la kahawa yote. Kwa hiyo petroli, oili na matambara ya fundi yasiwekwe kabisa katika ghala la mazao, wala kidumu kisifungwe pamoja na magunia juu ya pikipiki, hata yakiwa matupu. Tukumbuke pia wale wanaonunua pamba wilayani Biharamulo: kwao hatari si harufu, ni moto.

DAFTARI LA PIKIPIKI

Pikipiki ni mali ya wanachama kama mizani ilivyo mali yao. Kila safari iandikwe: tarehe, jina la mwendeshaji, kilomita za kuanzia na za kumalizia, shughuli, na lita zilizojazwa. Daftari hili lina faida mbili. La kwanza ni uaminifu. La pili ni afya ya injini. Ikiwa pikipiki ilikwenda kilomita 150 kwa lita 5, ilikwenda kilomita 30 kwa kila lita. Mwezi ujao ikienda kilomita 22 kwa lita, jambo moja kati ya mawili limetokea: ama injini inaumwa, ama petroli inakwenda kwingine. Yote mawili yanahitaji kuulizwa mapema, na swali lenye tarakimu halimtukani mtu.

Uchakavu nao uhesabiwe. Pikipiki iliyonunuliwa kwa shilingi 3,000,000 na kukadiriwa kutumika miaka 5 huchakaa kwa shilingi 600,000 kila mwaka. Chama kisichoweka akiba hiyo hujikuta mwaka wa sita kikiwa na chuma kikuukuu na hakina fedha ya kununua nyingine. Kamati ya usimamizi ina haki ya kuliomba daftari hilo wakati wowote, na mkutano mkuu una haki ya kusomewa muhtasari wake.

Mwisho ni ule mstari uliokosekana. Hati ya makabidhiano ya pikipiki ieleze mambo haya: namba ya usajili na kilomita zilizosomeka siku ile, injini ni ya mipigo miwili au minne, petroli huchanganywa au haichanganywi, na kwa kipimo gani, oili ya aina gani na ilibadilishwa lini, upepo wa tairi, ubovu unaojulikana, na vifaa vilivyomo, yaani spana, pampu na kitabu chake. Anayekabidhi na anayepokea watie sahihi mbele ya mjumbe wa bodi, kisha waende pamoja safari moja fupi, mpya akiendesha na wa zamani akimwonyesha. Aidha, juu ya tangi yaandikwe kwa rangi isiyofutika maneno ambayo hata mgeni atayaona kabla ya kujaza: PETROLI NA OILI, au PETROLI TUPU.

Chama kile cha Ngara kilinunua pistoni na kuchonga silinda, na pikipiki ile kuukuu ilirudi kazini. Leo tangi lake limeandikwa PETROLI NA OILI kwa rangi nyeupe, na chupa ya kipimo imefungwa kwa waya chini ya kiti. Maandishi yale yaligharimu kopo dogo la rangi. Vyama vingine visingoje kulipa bei ya pistoni ili kujifunza somo lile lile.